Mkanda wa Tatu Ulivyomzika Shemeji Yangu

Mliokuwepo juma lililopita mnajua niliwaacha wapi. Kitunguu kimeozea shambani, goti langu limegoma kupiga jembe, na Abraham mwenye banda la video hapa Mgori ananishikisha kipaza sauti ananiambia, "Babu Simeoni, wewe Mungu kakupa mdomo. Tafsiri."

Nikadhani balaa limeisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linavua viatu mlangoni liingie ndani.

Wewe uliyekuja leo usihangaike, nakushika mkono. Kiingereza mimi sijui. Shule niliacha darasa la tatu, mbuzi wa baba walikuwa hawana mchungaji. Lakini mtu akikunja uso unahitaji Kiingereza cha nini? Kakasirika. Akishika kiuno, anagomba. Akimtazama mwanamke kwa jicho la pembeni, mnajua wenyewe. Basi mimi natazama, nasema. Watu wa Mgori wakanipenda kuliko wale watafsiri wa mjini wanaobweka humo ndani ya mikanda yao.

Na sharti langu lilikuwa moja tu. Mkanda siuangalii kwanza.

"Babu, upitie hata mwanzo," Abraham alinibembeleza.

"Nikiupitia nitawapa watu kiporo. Mimi napakua toka jikoni."

Kiburi. Leo nikikikumbuka natema mate.

Sasa huo mkanda ulikuwa wa vipande vitatu. Kuna kinyozi ana kiti cha kuzunguka. Akikaa mwenyewe akajizungusha, kiti kinampeleka mwaka mwingine. Siku ya kwanza kinyozi yule alipotokea, mrefu, kichwa kidogo, anatembea kama anakanyaga miiba, nikasema kwenye kipaza: "Huyu anaitwa Paschal."

Banda likaanguka kwa kicheko.

Maana Paschal tunaye. Ni kinyozi wetu hapa hapa sentani penye maduka, Mnyiramba wa Nduguti, mrefu hivyo hivyo, kichwa kidogo hivyo hivyo. Ni kaka wa mke wangu Martina. Mimi na yeye ni matusi toka asubuhi mpaka jioni, ndiyo ushemeji wetu. Siku asiponitukana namuuliza kama ana homa.

Naye siku ile alicheka mpaka akashika nguzo.

Mkanda wa kwanza Paschal alirudi zamani akamnyoa mfalme upande mmoja, akakimbia. Wa pili akarudi kwenye ujana wake amchumbie mkewe upya kwa maneno mazuri zaidi, mke akamkataa. Watu walipenda! Wakawa wanakwenda dukani kwake wanakaa kwenye kiti, "Paschal, nizungushe nirudi nikiwa na meno." Alipata wateja mpaka kutoka Ikungi.

Tukakaa tukisubiri wa tatu. Wa mwisho. Abraham akaupata, akauleta kwenye flashi.

Jumapili hiyo watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, wengine Biblia ziko kwapani. Amne, binti wa kukamua alizeti, yeye Mwislamu kwa hiyo aliwahi, akakaa mbele kabisa. Ni binti aliyesoma huyo, ana maswali kama mahakama. Martina wangu akakaa benchi la pili na wifi yake Scholastika, mke wa Paschal. Paschal mwenyewe katikati, shati limepigwa pasi kama bwana harusi. Mkanda wake, bwana!

Na Abraham akaning'iniza spika ya pili nje, ikatazama gulioni, ili waliokosa nafasi wasikie sauti yangu.

Hiyo spika muishike kichwani.

Mkanda ukaanza vibaya. Yule mke wa kinyozi tuliyemzoea, mnene, wa kucheka, simuoni. Kaja mwembamba, nywele fupi, sura nyingine kabisa, na anamlalia kinyozi kifuani.

"Babu, huyu nani?" banda likauliza.

Mimi ningejuaje? Baadaye Amne ndiye alinieleza kwamba waigizaji wanagombana na wenye kazi, analetwa mwingine, na huyo mwingine anakuwa ndiye yule yule. Mimi kwa akili yangu mwanamke mpya ni mwanamke mpya.

Nikasema: "Paschal kaongeza mke."

Scholastika akageuza shingo polepole.

"Kaongeza?"

"Ni mkanda, mama," Paschal akamwambia.

"Mkanda wa kwanza nilikuwa mimi, ukacheka. Wa pili nilikuwa mimi, ukacheka. Leo ndiyo unajua ni mkanda?"

Akahama benchi.

Na vichekesho vyenyewe vikawa vile vile. Kinyozi anateleza kwenye sabuni. Mara ya kwanza tulitokwa machozi. Mara ya pili tukacheka kwa heshima. Hii ya tatu Peniel muuza vitumbua akasema kwa sauti, "Hiyo sabuni haiishi?"

Basi kinyozi akakaa kwenye kiti, akajizungusha, ila safari hii kwa kwenda mbele, siyo nyuma. Akatokea mwaka ambao sisi wote hatujaufikia. Akakuta nyumba imejaa watu wenye nguo nyeusi. Kuna jeneza, kuna meza ya chakula ndefu kama kutoka hapa mpaka kisimani.

Nikachangamka. "Paschal kaingia msibani! Paschal haulizi kafa nani, anauliza nyama iko wapi!"

Kicheko kikarudi. Nami nikaona nimeuokoa mkanda.

Kinyozi akala. Akala kwa mikono miwili, mafuta yanamtiririka kidevuni, huku anawapa watu pole mdomo umejaa. Paja la kuku mkononi, akasogea kwenye jeneza aone nani kafa. Juu ya jeneza kuna picha.

"Ni yeye!" Peniel akapiga kelele.

Kicheko kikakatika.

Kweli ni yeye. Kichwa kidogo kile kile, kwenye picha, kimevishwa maua.

Sasa mtafsiri akinyamaza watu wanapiga makopo. Kipaza kiko mdomoni. Nikasema nilichokiona, wala sikuchagua neno.

"Jamani... Paschal kafa."

Sauti yangu ikatoka ndani, ikatoka na nje.

Kinyozi akaitazama picha yake. Akalitazama paja la kuku. Akaitazama tena picha. Nikajua sasa atalitupa, atapiga magoti, atalia, mtu ni mtu.

Akaling'ata.

Akalimaliza, akalamba vidole, akarudi mezani kuchukua lingine.

"Wallahi," Amne akasema, akaziba mdomo kwa ushungi. Mtu akatema mate chini. Mwingine akatema. Mimi mwenyewe nikatema. Maana chakula cha msiba wa mtu unakila kwa ajili yake yeye asiyekula tena. Sasa yeye mwenyewe anakula? Anakula na kulamba?

Alipovimbiwa akafungua jeneza, tupu, akaingia aone kama linamtosha. Likamtosha. Akasinzia. Watu wakaja, wakafunika, wakabeba, wakafukia. Majina ya wazungu yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Imeisha?" mtu akauliza.

Abraham akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma.

"Imeisha."

Mabibi na mabwana, nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakitoka kwenye mkutano wa maji bila maji. Sijaona watu wametoka na sura zile.

"Mikanda mitatu!" Peniel alisimama juu ya benchi. "Mikanda mitatu nimemlea huyu mtu, nimemcheka, nimemwombea mke amkubali, halafu ananifia usingizini shibe iko shingoni? Kinyaa! Nimekuja kucheka nimepewa kichefuchefu!"

"Mimi nauliza," Amne akasema. "Kiti si anacho? Kiti si kinarudisha nyuma? Ameshaona siku yake ya kufa. Arudi nyuma, siku hiyo asiende karibu na jeneza. Basi! Mtoto wa chekechea anaelewa. Aliyeandika hii kitu alichoka akataka kwenda kulala."

"Wa kwanza ulikuwa mtamu kama asali," Abraham mwenyewe akasema, na yeye ndiye mwenye banda. "Wa pili maziwa. Huu wa tatu... ni maji ya kuoshea masufuria."

"Na mke wamembadilisha!" Scholastika akatoka kule alikohamia. "Wakadhani hatutaona!"

"Ni dharau kwa marehemu," mtu akasema nyuma.

"Marehemu ndiye mwenye dharau!"

Mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anacheka. Philipo, fundi baiskeli, kajikunja kwenye kona machozi yanamtoka. "Huu ndio mzuri kuliko yote," akasema. "Mtu kahudhuria mazishi yake! Kashiba! Mnataka nini tena?"

Wakamrushia maganda ya miwa mpaka akatoka nje.

Katikati ya kelele hizo Paschal, yule wa kwetu, alikuwa hajasimama. Shati lake lile la pasi limelowa kwapani. Nikamfuata nimtanie, ndiyo dawa yetu.

"Shemeji, hongera, angalau umekufa umeshiba."

Hakunijibu tusi.

"Umenilisha msiba wangu, Simeoni," akasema. "Mbele ya dada yangu. Mbele ya mke wangu."

Akaniita jina. Shemeji hajawahi kuniita jina tangu nilipopeleka posa kwao.

Akatoka. Na hapo ndipo tukasikia huko nje yowe.

Ile spika, wajukuu zangu.

Gulioni kulikuwa na mfanyabiashara wa dengu, Mathayo, mtu wa Nduguti, jirani kabisa na kwao Paschal. Mkanda hakuuona, kasikia sauti tu, na sauti yangu anaijua. Kasikia "Paschal kafa," kasikia na banda zima limenyamaza. Angefanya nini? Kapiga simu nyumbani.

"Nimesikia kwa masikio yangu," akawaambia. "Kamtangaza shemeji yake mwenyewe kwenye spika."

Alipomwona Paschal anatoka mlangoni kwa miguu yake, yule bwana alipiga yowe, akaacha dengu akakimbia. Simu akaizima. Huko Nduguti wakawa wanampigia hapatikani, wanampigia Paschal naye kwa hasira kazima ya kwake, na simu isiyopatikana ndiyo inayothibitisha kila kitu.

Nilifika nyumbani nikamkuta Martina anafunga kanga zake.

"Mama Fredrick, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Kufanya nini?"

"Kukaa naye. Wewe umemzika, mimi nikaangalie kama anapumua." Akafunga fundo kwa meno. "Baba Fredrick, nilikwambia uwape majina ya mbuzi. Nilikwambia? Wape watu wa mkanda majina ya mbuzi wako. Ukasema watu wanapenda. Haya, kaa na watu."

"Utarudi lini?"

"Ukimtoa kaburini."

Akaenda. Jiko likabaki na majivu.

Asubuhi gari mbili za abiria zikaingia Mgori, zimejaa Wanyiramba, juu wamefunga kuni, magunia ya unga na mbuzi mmoja. Wanalia toka barabara kuu. Mbele anatembea Kristina, dada mkubwa wa kwao, mwanamke wa kimo kile kile cha Paschal ila yeye kichwa ni kikubwa na kimejaa. Anaita jina la ndugu yake mpaka sauti imekatika.

Wakamkuta marehemu amesimama uani anapiga mswaki.

Mimi sikuwepo, nimehadithiwa. Wanasema Kristina alimshika mashavu, akamvuta sikio, akampiga kibao cha nguvu. Paschal akasema, "Aka, dada!" Kristina akakaa chini kwenye vumbi, akalia upya.

Baadaye akaja kwangu. Nikatoka na goti langu, nikainama.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba," akasema, maana heshima ni heshima. Lakini hakukaa kwenye kiti nilichompa. "Simeoni, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Tumelia toka Nduguti. Wazee wamelia, mama mdogo kazimia pale njia panda ya mjini tukammwagia maji. Machozi hayo ni ya nani?"

"Shemeji, ule ulikuwa mkanda..."

"Sijauliza mkanda. Kwetu kilio kikishatoka hakirudi ndani. Lazima kiwe na mwenyewe. Kikikosa mwenyewe kinamrudia yule aliyetajwa, na aliyetajwa ni ndugu yangu. Kwa hiyo utamtoa. Kwa mdomo ule ule, kwenye kipaza kile kile, watu wale wale wamekaa. Na ile spika ya nje ifunguliwe."

"Na Martina?"

"Ukimtoa Paschal vizuri, Martina atarudi kupika. Ukishindwa, gari zikigeuka anarudi na mimi Nduguti."

Hiyo ndiyo hali. Mke wangu yuko kwenye ncha ya ulimi wangu.

Alasiri Abraham akafungua banda. Hakuna aliyetaka kuuona tena ule uchafu, na hakuna aliyekosa. Peniel alikuja na ndoo ndogo, akaniambia, "Hii ni ya kutapikia, babu, wewe endelea."

Mimi mpango nilikuwa nao. Yule kinyozi nitamnyima jina. Nitasema ni mzungu fulani wa kwao huko, hatumjui, hatujui ukoo wake.

Nikaanza. "Huyu ni mzungu mmoja."

"Mzungu gani?" Amne akadaka.

"Mzungu tu. Kinyozi."

"Mikanda miwili alikuwa na jina, leo kalipeleka wapi?"

"Ameliacha kwenye kiti," Philipo akasema kutoka kona. Watu wakacheka, Kristina akageuka, wakaacha kucheka.

Nikaenda hivyo hivyo, mzungu kaingia, mzungu kateleza kwenye sabuni, mzungu kazunguka. Jasho linanitoka. Mara nyumba ya nguo nyeusi. Mara meza. Mara yale mafuta kidevuni. Banda lote likaguna kwa kinyaa kabla hajafika kwenye paja, maana sasa wanajua. Mara jeneza. Mara picha.

"Simamisha," Kristina akasema.

Abraham akasimamisha. Kile kichwa kidogo kikabaki kwenye kioo, kimevaa maua, kinatutazama.

"Marehemu ni nani?"

"Ni mzungu, shemeji."

"Mzungu sikumlilia. Sina machozi ya mzungu. Nauliza, haya yetu yanakwenda kwa nani?"

Nikageuka niwatazame watu. Nyie! Banda zima likainama. Peniel akaingiza uso kwenye ndoo. Philipo akajifanya anafunga kamba ya kiatu na amevaa ndala. Abraham, mtu aliyeniita mwenyewe, akawa anakagua waya wa luninga. Hakuna aliyetaka jicho langu limkute nikiwa natafuta jina.

Paschal tu ndiye hakuinama. Alikuwa amekaa pale pale katikati, na nikaona mikono yake imeshikana inatetemeka. Kinyozi huyo, mkono wake haujawahi kutetemeka kwenye shingo ya mtu.

Ndipo nikajua haukuwa utani tena, na haukuwa utani tangu jana.

Nikasogeza kipaza.

"Ni Simeoni," nikasema. "Aliyekufa ni Simeoni. Yule pale ni mimi."

Martina akaweka mkono mdomoni.

"Kwa nguvu," Kristina akasema. "Wa gulioni wasikie."

"Simeoni kafa! Paschal mzima! Simeoni ndiye kafa!"

Spika ikapeleka mpaka gulioni, ikagonga ukuta wa godauni, ikarudi. Mtu kusikia kifo chake kwa sauti yake mwenyewe, sina la kulifananisha. Mdomo unabaki na ladha ya shilingi.

"Na yule mke mwembamba?" Scholastika akauliza haraka haraka. "Ni wa nani?"

Nikaona nimalize yote, nisiache deni.

"Wa Simeoni pia."

Martina akaondoa mkono mdomoni. Akanitazama kwa utaratibu, kama anavyotazama kuku kabla hajaamua wa kuchinja.

Kristina akasimama. "Basi. Kilio kimepata mwenyewe." Akampita Paschal, akamgusa bega, na Paschal akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika toka Jumapili.

Paschal akanifuata mlangoni.

"Shemeji," akasema.

Shemeji! Nilitaka kumkumbatia.

"Ulikuwa marehemu mbaya kwenye picha," akasema. "Masikio makubwa."

Nikaenda nyumbani nacheka peke yangu njia nzima. Nikalala na njaa, toka Martina aondoke nilikuwa nashindia viazi baridi, lakini nilijua kesho moshi utatoka jikoni kwangu.

Na ulitoka! Kesho yake mchana nasikia watu. Wanakuja wote, wale wa Nduguti na wa hapa Mgori, masufuria kichwani, magunia ya unga, kuni. Wanawake wakatandika mikeka uani. Wanaume wakawasha moto mkubwa pembeni, jua lote lile. Nikasema hawa watu wana adabu, wamekuja kula suluhu.

Kila aliyeingia alinipa mkono. Peniel alinipa mkono kwa muda mrefu. Hata Amne aliinamisha kichwa, "Shikamoo babu," hakuuliza swali lolote. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Amne kukosa swali!

Paschal akaja na mkoba wake wa kazi, ananukia spiriti, kama mtu aliyetoka kunyoa sasa hivi. Akakaa karibu yangu kwenye kigoda, akanipima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni.

"Umepungua," akasema.

"Njaa, shemeji. Dada yako kaninyima."

"Leo utakula."

Martina akatoka jikoni. Kajitanda kanga mpya mpaka kwenye nyusi, anatembea polepole. Mkononi sahani. Ugali wa uwele umesongwa vizuri, pembeni mlenda, na juu paja la kuku la kienyeji, nene, mafuta yanang'aa. Nikalitambua lile paja. Yule tetea wangu mwekundu. Sikujali.

Akapiga goti, akaninawisha mikono. Mke wangu kanirudia.

"Kula, baba Fredrick."

Sikungoja sala. Nikamega tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni. Nikang'ata paja. Utamu wake ukapanda mpaka machoni, mafuta yakanitoka kidevuni.

Ndipo nikainua macho. Hakuna anayekula. Wote wananitazama mimi. Na Peniel kashika ile ndoo yake.

Martina akashusha kanga.

Kichwa cheupe. Kimenyolewa chote, kinang'aa kama kibuyu, kama wanavyonyolewa wajane. Nikamtazama Paschal. Akafunga mkoba wake.

"Kazi nzuri, au siyo?" akasema.

"Tulikuja na unga wa msiba," Kristina akasema kutoka kwenye mkeka, wala hakupaza sauti. "Unga wa msiba haurudi nyumbani. Na marehemu kajitaja mwenyewe, na wake zake wawili." Akanyoosha kidole kwenye shavu langu lililovimba. "Sasa sikiliza, Simeoni. Ukikitema hicho, umetema chakula cha Martina mbele ya ukoo wake, naondoka naye leo. Ukikimeza, umekubali umekufa. Martina anabaki. Lakini maiti haishiki kipaza. Paschal ndiye atatafsiri, wewe utakaa benchi kama watu wote."

"Na atakuwa amekula msiba wake," Amne akasema taratibu. "Kama yule yule."

Mtu akatema mate. Mwingine akatema.

Na mimi niliyezoea kutema, tonge limekaa katikati ya ulimi, linakua. Haliendi mbele, haliendi nyuma. Martina kapiga goti pale pale mbele yangu, kichwa chake cheupe kinapigwa na jua, birika la kunawia bado liko mkononi, na kwenye jicho lake la kushoto nikaona kitu kinatetemeka, na sikujua ni chozi au ni kicheko anachokizuia.

Nikafumba macho.

"Tafsiri, shemeji," Paschal akasema. "Watu wanangoja."